Wafungwe Saa Tatu

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Kiraka,

Hizo chupa kumi zilizofungwa kwenye pamba ndizo zenyewe. Usizitikise, usiziache juani, na asizishike mtu mwingine ila wewe. Kamati ya utafiti imetukubalia kuwajaribia dawa wagonjwa kumi wa mwanzo, na hospitali yako ndiyo tumeichagua, maana ukiacha hayo machimbo yenu ya mawe sijui pengine ambapo watu wanabanwa miguu kila mwezi kana kwamba wamepangiwa zamu.

Najua utasema unayajua haya, lakini mimi ni dada yako na nitayasema. Jiwe likimlalia mtu mguuni, damu haipiti, nyama inakaa na njaa. Kila mtu anadhani mkiliinua jiwe mmemwokoa, kumbe hapo ndipo balaa linaanza. Damu inarudi kwa kishindo, inaiharibu ile nyama iliyokwisha kulegea, halafu inazoa sumu yote iliyojikusanya mguuni na kuipeleka kwenye moyo na figo. Ndiyo maana nyinyi huko, jiwe likipitisha saa mbili, mnakata. Dawa yetu inaikinga nyama pale damu inaporudi. Unampiga sindano, unahesabu dakika tano, ndipo jiwe linainuliwa. Panya wangu arobaini walifungwa miguu saa tatu, wakapewa dawa, wakafunguliwa, na kesho yake walikuwa wanakimbizana vizimbani. Saa tatu, Kiraka! Mguu wa saa mbili na nusu hauna sababu ya kukatwa tena.

Simu yenu naona bado. Mashine ya machimboni ilikata waya tangu Desemba na wenye simu wanasema "wiki ijayo, wiki ijayo". Basi tutaandikiana. Madereva wa malori ya mawe wanakuja mjini kila siku. Nimeshaelewana na mmoja.

Na tafadhali, usiniandikie tena "masaa". Barua yako ya mwisho ina masaa saba, nimeyahesabu. Ni saa. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Umesomeshwa, jamani.

Dada yako


Tarehe 7 Februari

Dada, shikamoo.

Masaa, masaa, masaa. Haya, hasira zimeisha.

Chupa zimefika salama. Nimezitazama mpaka nesi akaniuliza kama nazisalimia. Hujui unachonifanyia, dada. Mwaka jana nimekata miguu kumi na moja. Wewe unaniita Kiraka kwa sababu ya suruali zangu za utotoni, lakini huku jina langu ni Msumeno. Alinibandika yule anayeendesha winchi, ile mashine ya kuinulia mawe, mtu wa maneno, naye wanamwita Winchi, basi tumekuwa kama maduka mawili ya vifaa. Nikipita getini anapiga kelele juu kwenye kiti chake: "Vijana, ficheni miguu, Msumeno huyo!" Watu wanacheka. Na mimi nacheka. Nikifika ofisini nafunga mlango nakaa tu.

Kuna mmoja nilimkata akiwa na saa mbili na dakika kumi. Dakika kumi, dada. Ananisalimia vizuri sana kila tunapokutana, na mimi nabadilisha njia.

Siku hizi situlii. Kila winchi ikinyamaza nachungulia dirishani. Nesi anasema nitachimba shimo sakafuni kwa kuzunguka. Sasa niambie mara moja tu, kwa uwazi, kama unavyoniambiaga nguo haijanikaa: una hakika na hizo saa tatu?

Kiraka


Tarehe 10 Februari

Kiraka,

Nina hakika. Daftari ninalo mbele yangu, panya arobaini, mstari mmoja mmoja: saa tatu, saa tatu, saa tatu. Wale wasiopewa dawa niliwafunga mimi mwenyewe kabla sijalazwa, saa tatu hizo hizo, na miguu yao yote ilikufa. Wenye dawa aliwafunga fundi wetu nilipokuwa kitandani na mgongo wangu, na mtu makini kama yule hamna. Unataka nikuapie?

Acha kuzunguka. Kaa chini, kula.

Dada yako


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku mvua. Paa la maabara linavuja juu ya meza yangu, nimeweka ndoo, naandika huku nasikiliza matone.

Jana tulimuaga fundi wetu wa panya, amestaafu. Kulikuwa na chai na hotuba. Alisimama akaongea sana, unajua wazee wakipewa nafasi, na watu wakampigia makofi. Alichekesha. Nilirudi nyumbani mapema, kichwa kilikuwa kinauma.

Zile chupa, usiwe na haraka nazo. Usizitumie ovyo. Subiri kwanza. Kuna kitu kidogo cha hesabu nataka kukiweka sawa huku, si cha kukuhangaisha. Nitakuandikia.

Umekula? Mgongo wangu haujambo.

Dada yako


Tarehe 21 Februari

Dada,

Ovyo? Mimi? Wiki iliyopita alibanwa mtu dakika arobaini, akalia kama mtoto, mkewe akanishika koti, na bado sikugusa chupa hata moja kwa sababu najua hakuihitaji. Tangu tukiwa wadogo ukinipa kitu unasimama hapo hapo kuangalia nisikivunje. Nina nywele nyeupe sasa, dada.

Lakini sawa, nimekuelewa. Nisubiri mwenye kustahili: aliyepitisha saa mbili, ambaye bila dawa ningemkata. Ndivyo nitakavyofanya. Nimezifungia kabatini na ufunguo nautembeza shingoni.

Hilo la hesabu silijui na wala silitaki, hesabu ni zako. Pole na mvua.

Kiraka


Tarehe 24 Februari, saa nne asubuhi

Kiraka,

Soma hii ukiwa umesimama. Usimpe mtu yeyote ile dawa. Aliyepitisha saa mbili mkate kama ulivyokuwa unamkata. Mwambie nesi sasa hivi, kisha urudi usome mengine.

Mwaka jana nilipolazwa wiki sita, nilimbandikia fundi karatasi ukutani: "Wafungwe saa tatu, wapewe dawa, kisha wafunguliwe." Maneno yangu, mwandiko wangu. Yule ni mtu wa saa. Basi kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, kwa saa ya ukutani, anawafunga. Wafunguliwe lini? Karatasi haikumwambia. Akafanya kama tulivyofanya kwenye jaribio lililotangulia, akawafungua baada ya saa moja na nusu. Na daftarini, kwenye safu ya kufunga, akaandika "saa tatu" mara arobaini, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nami nikarudi nikasoma nilichotaka kusoma.

Siku ya kuagwa alisimama na kikombe chake akasema, "Miaka yote sijachelewa. Saa tatu nafunga, saa nne na nusu nafungua, saa tano mnanikuta na chai." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi, Kiraka. Mikono ilipiga yenyewe.

Panya aliyefungwa saa moja na nusu anapona hata ukimpa maji ya bomba.

Ningekuambia siku ile ile. Niliona aibu. Hiyo kazi nimeshaisoma mbele ya watu mia mbili, wakasimama kunipongeza. Nikasema ngoja kwanza nirudie kimyakimya, pengine dawa inaweza kweli, nisivunje nyumba kwa sababu ya mlango. Barua yako ya tarehe 21 ilifika kesho yake. Niliona jinsi ulivyonielewa vibaya. Nikaiweka mezani nikarudi kwa panya.

Nimerudia panya sita kwa mikono yangu, saa tatu za kweli, pamoja na dawa. Asubuhi hii miguu ya watano imekuwa myeusi. Wawili wamekufa.

Lori linaondoka saa sita mchana. Nimemwambia dereva asisimame njiani. Nitukane utakavyo, ila usifungue lile kabati.

Dada yako


Tarehe 25 Februari, mchana

Dada,

Nimeitumia. Nakuandikia nikiwa nimesimama dirishani, maana nikikaa naona miguu yangu.

Ni Winchi. Jana saa mbili na nusu asubuhi alishuka kwenye kiti chake kwenda kuangalia mnyororo, jiwe likateleza likamlalia mguu wa kulia juu ya goti. Sasa fikiria: mtu pekee anayejua kuendesha ile winchi ndiye aliye chini ya jiwe. Wengine wanavuta mkono huu wa mashine, wanasukuma ule, na yeye amelala chali anawaelekeza: "Huo mwekundu! Mwekundu, wewe, hujui nyekundu?" Mnyororo ukakatika mara mbili. Nilimtundikia dripu pale pale kwenye vumbi. Saa nne na nusu ikapita. Saa mbili zake zilikuwa zimekwisha.

Akanishika mkono. Akasema, "Msumeno, kata." Hakuwa anatania. "Nimeona wenzangu. Mmoja jiwe lilikuwa limemlalia kama mimi, wakaliinua, akacheka, akaomba maji, akafa. Kata, mimi niende nyumbani."

Nikamwambia kuna dawa mpya. Akasema kata. Nikamwambia dada yangu ndiye aliyeitengeneza, ameijaribu saa tatu kamili, atatembea. Akasema, "Dada yako yuko hapa?" Nikasema hayupo. Akasema kata. Dada, nilimbembeleza robo saa nzima. Mpaka akachoka, akasema, "Haya, fanya unavyojua."

Sindano, dakika tano kwa saa ya mkononi, jiwe likainuka saa tano na dakika ishirini. Vidole vikawa vyekundu. Watu wakashangilia, wakanibeba juu. Mimi! Msumeno nimebebwa juu! Yeye mwenyewe alitabasamu.

Saa tisa moyo ukaanza kuruka ruka. Jioni mkojo ukatoka rangi ya kahawa, kisha haukutoka tena. Mguu ukavimba mpaka ngozi ikang'aa. Leo asubuhi nimeukata, juu zaidi kuliko ambavyo ningeukata jana, karibu na nyonga. Yuko hai. Figo zimegoma. Tunamleta mjini kwenye mashine ya kusafisha damu.

Nimekosea wapi? Nimepiga mahesabu upya ya dozi, iko sawa. Labda sindano iliingia pembeni ya mshipa. Labda dakika tano zangu zilikuwa nne. Niambie ukweli, usinifiche kwa sababu mimi ni mdogo wako. Dawa yako imefanya kazi kwa panya arobaini ikashindwa mkononi mwangu. Kosa lazima ni langu.

Kiraka


Tarehe 26 Februari

Dada,

Barua yako ya tarehe 24 nimeipata jana saa kumi, wakati lori, lililolala limekwama matopeni, na gari la wagonjwa vinapishana getini.

Ungeandika "masaa matatu" kama sisi wengine, fundi angekuelewa. Lakini hilo ni kosa, na makosa nayajua, nimeyafanya. Siku sita si kosa. Siku sita ulikuwa unajua. Ulijua ukaniandikia habari za ndoo.

Na mimi nimo, sikimbii. Niliyekuwa naye alisema kata mara tatu, na nikamwamini asiyekuwepo. Nilichoka kuitwa Msumeno, huo ndio ukweli wenyewe, nilitaka nami nionekane nimemwacha mtu na miguu yake. Leo wenzake wamenipita getini kimya. Bora wangenitania.

Barua zako zote, ile ya "usizitumie ovyo" na hii, nazipeleka kwenye kamati pamoja na zangu. Chupa tisa zilizobaki nimezirudisha kwa huyu dereva. Winchi yuko hospitali kuu ya kwenu. Hajui chochote kuhusu karatasi yako ya ukutani, anadhani bahati yake ndiyo mbaya. Sitamwambia mimi. Utamwambia wewe.

Mdogo wako


Tarehe 13 Machi

Kwa fundi wa winchi,
Wodi namba nne

Bwana,

Hunijui. Mimi ndiye niliyeitengeneza dawa uliyodungwa siku ya jiwe, na daktari aliyekudunga ni mdogo wangu. Nimeianza barua hii mara nyingi. Hii ni karatasi ya tisa.

Mguu wako haukupotea kwa bahati mbaya. Nilitangaza kwamba dawa inaukinga mguu uliobanwa kwa muda wa saa tatu. Haikuwa kweli. Wanyama niliowajaribia walikuwa wamebanwa nusu ya muda huo, na chanzo chake ni maelekezo niliyoandika vibaya mimi mwenyewe. Hilo nililigundua tarehe 18 Februari. Wewe ulibanwa tarehe 24. Katikati hapo malori yalikuwa yanaondoka kila siku, na ningeweza kumwonya mdogo wangu kwa mstari mmoja tu. Nilimwandikia maneno ya kuzunguka kwa sababu niliogopa kuaibika. Alinielewa vibaya, nikaliona hilo kwenye barua yake, nikaiweka mezani bila kumjibu.

Majaribio yamefungwa. Kamati imenisimamisha, na wale watu mia mbili niliowatangazia wamepelekewa taarifa. Nakuomba usimhesabie mdogo wangu kosa hili. Alisema uongo bila kujua kuwa ni uongo, ulikuwa wangu. Nasikia wenzako machimboni hawataki tena awatibu.

Sikuombi msamaha kwa karatasi, najua ni kidogo mno. Sitegemei kujibiwa. Nilitaka tu ujue kwamba uliposema kata, ulikuwa sahihi.

Mtafiti


Tarehe 16 Machi

Daktari,

Barua imefika. Nimeisoma mwenyewe, macho hayakukatwa. Kiswahili chako kimenyooka, mwenzangu wa kitanda cha pili amesema unafaa kusoma taarifa ya habari.

Kuhusu mimi: wananifunga kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Inanguruma kama winchi yangu ikikosa mafuta, nimewaambia waipake, wamenicheka. Mkojo umeanza kurudi, kikombe kimoja cha kahawa kwa siku. Wodi nzima ilipewa habari. Sijawahi kupongezwa hivyo kwa kazi yoyote.

Kuhusu mdogo wako: alikuja Jumapili. Ametoka kule alfajiri, akasimama mlangoni mpaka nesi akamsukuma ndani. Akanieleza kila kitu cha kwake, cha kwako akasema utanieleza wewe. Akalia. Nikamwacha alie, sina leso. Kisha akanimenyea chungwa. Sikumsamehe, lakini chungwa nililila. Nimewaandikia wenzangu kwamba wakibanwa wamwite yeye, ila safari hii asikilize mtu aliye chini ya jiwe. Hilo limekwisha, liache, si lako la kuniombea.

Lako ni hili. Unasema nilikuwa sahihi. Daktari, nilijua kuwa niko sahihi, nilikuwa nimelala chini yake. Nina maswali mengine na hayaandikiki. Nataka kujua siku ile ulipoona mdogo wako amekuelewa vibaya, ulifanya nini baada ya kuiweka ile barua mezani. Ulikula? Ulilala? Nataka nikikuuliza nikuone uso unavyokaa.

Nimemuuliza nesi hiyo maabara iko wapi, nikidhani ni mji mwingine. Akafungua pazia akanionyesha. Lile paa la bluu nyuma ya kituo cha mafuta. Naliona nikiwa nimelala! Bahasha yako ina muhuri wa posta, daktari. Imezunguka siku tatu kuvuka mitaa miwili, na mimi niko hapa wiki ya tatu.

Usiniandikie tena. Saa za kuona wagonjwa ni kumi jioni, kitanda changu ni cha dirishani. Gari la nini? Njoo kwa miguu, wewe unayo yote miwili.

Winchi